Harufu ya Panzi

Kornel Ngollo alikuwa mtu wa kunawa mikono kabla ya kunawa mikono. Kwanza aliinawa kwa maji matupu, isije ikauchafua mche wa sabuni, ndipo akainawa kwa sabuni, na mwisho akaifuta kwa kitambaa cheupe ambacho mkewe Eustadia alikipiga pasi kila jioni na ambacho binti yao Veneranda, mwenye miaka mitatu, alikwisha kuchapwa mara mbili kwa kukikaribia. Alikuwa dresa katika hospitali ya mjini Tabora, mwaka wa kumi na moja sasa. Vidonda alivifunga vya kila umbo na kila rangi bila kukunja uso, kwa sababu kidonda, alisema, ni kazi. Uchafu ni tabia.

Basi mfikirie mtu huyo, Jumamosi moja ya Oktoba 1953, saa saba mchana, jua likiwa limeikaza Tabora kama ngozi ya ngoma, amesimama mbele ya ghala la Bi Batuli.

Bi Batuli alikuwa mjane mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe. Ngozi zililetwa kutoka Ziba na Nzega, zikarundikwa humo kungoja garimoshi, na katika huko kungoja ndimo mlimokuwa na mambo.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba, baba. Umemfuata mchumba wako? Yumo humo mwaka wa nne na hajaoga. Mtoe, nami nipate nafasi."

Akafungua mlango. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka. Ilitoka taratibu, kama mkubwa wa serikali atokaye barazani, ikampita Bi Batuli kwa adabu kwani walijuana, ikamshika Kornel puani na kumwinamisha mpaka magotini. Alipoinuka, machozi yakimtiririka, aliliona gari.

Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, la kijani, lililotengenezwa Uingereza miaka ishirini nyuma kwa ajili ya vijana wa Kizungu wasio na watoto wala mizigo. Boneti yake ilikuwa ndefu kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa, na lenyewe lilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kumtazama dereva usoni. Juu ya boneti hiyo palilala ngozi kumi na tano. Kwenye usukani walining'inia popo, na chini ya usukani palikuwa na kichuguu cha mavi yao, kilichokomaa. Kiti cha dereva kilikuwa kimepasuka, na panya walikuwa wamejenga humo mji wenye mitaa. Kwenye kiti cha abiria alikaa kuku mweupe. Alimtazama Kornel kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi, akamtukana kwa lugha yake, akaruka nje.

"Kuku huyo ananitia wazimu," alisema Bi Batuli. "Tangu Ramadhani namsikia akitangaza kila asubuhi kwamba ametaga, na yai hata moja sijaliona."

Kornel hakuzisikia habari za mayai. Alikuwa nyuma ya ghala, anatapika kwa staha, kitambaa chake amekishika mbali.

Ni haki kueleza gari hilo lilivyokuwa mali yake. Miaka minne nyuma Mzungu mmoja mpima ardhi aliamua kutembea porini miguu mitupu ili aikomaze. Aliletwa hospitali akibebwa. Kornel alikaa naye alasiri nzima na sindano, akamtoa funza thelathini na wanne, akiwahesabu kwa sauti kwa sababu mgonjwa alitaka kujua. Mzungu alipokuwa anarudi kwao aliliacha gari lake ghalani kwa Bi Batuli, na hospitalini akaacha ufunguo na karatasi: aliyeniokoa miguu apewe magurudumu. Kornel aliishukuru karatasi, akaiweka kwenye Biblia, na hakwenda hata siku moja kuliangalia gari lenyewe. Baiskeli ilimtosha.

Ilimtosha mpaka barua ya Daktari ilipofika. Kuanzia Jumatatu, tarehe mbili Novemba, Kornel angesimamia zahanati mpya ya Isongwa, maili ishirini na mbili upande wa magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Kulikuwa na nyumba ya udongo tayari kwa ajili yake, na mbung'o wa kutosha kwa ajili ya damu yake.

"Mimi siendi," alisema Eustadia. Alifundisha darasa la pili katika shule ya masista. "Nina watoto arobaini na wawili, hata kusoma hawajamaliza. Wewe nenda na kurudi."

"Na nisipoweza kurudi kila siku? Nije Jumamosi?"

"Baba Veneranda, mimi sikuolewa na mume wa Jumamosi."

Kornel alikwenda kwa Daktari akaeleza. Daktari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa saa. "Ukiwa umefungua mlango wa zahanati saa mbili kamili kila asubuhi," alisema, "mimi sijali unalala wapi. Lala juu ya mti. Lakini siku ya kwanza utakayochelewa, unahamia Isongwa na kitanda chako. Jumatatu ile nitakuwapo kwa macho yangu."

Kornel alijaribu baiskeli. Aliondoka alfajiri akafika saa nne na nusu, mchanga umemjaa mpaka kwenye meno. Basi hapakuwa na njia ila ya ghala la Bi Batuli, na katika siku ishirini na tatu gari la kijana wa Kizungu lilitakiwa kuwa gari la baba wa familia, la kwenda Isongwa na kurudi, jua na mvua, kila siku aliyoiumba Mungu.

Ng'ombe wawili wa kukodi walilikokota mpaka Isevya kwa fundi Mabruki. Nao waligeuza nyuso pembeni njia nzima.

Mabruki alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli akasahau kurudi. Tumbo lake lilitangulia kufika kila mahali, na kwa injini hakuwa na mpinzani kutoka Dodoma mpaka Kigoma. Alilizunguka gari mara tatu. Kisha akamtazama mwenyewe.

"Wewe kabila gani, bwana dresa?"

"Mnyamwezi."

Mabruki akapiga makofi, akatazama mbinguni. "Mtani! Ndiyo maana! Nikasema, mzoga huu unanuka kinyumbani! Mababu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na wewe umebeba nini? Kinyesi cha popo! Kabila linarudi nyuma hili!"

Kila mtu anajua utani ulivyoanza. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na mizigo, wengine wakafia njiani mbali na ndugu zao, na Wazaramo ndio waliowaosha na kuwazika. Kwa sababu hiyo mtani anaruhusiwa mambo. Atamtukana babu yako, atachukua kofia yako, atakula chakula chako, nawe unacheka na kumrudishia. Lakini yale machafu ambayo nduguyo hawezi kuyashika, mtani huyashika. Huwezi kuchukua nusu moja ukaacha nyingine.

Kornel, aliyesomea bweni kwa mapadri na kujifunza huko kunyoosha shuka bila mkunjo, aliona nusu moja tu.

Kwa maana Mabruki alifanya kazi kwa ulimi. Alichovya kidole kwenye injini, akakilamba, akafumba macho. "Oili hii imeingia maji," alisema. Ilikuwa imeingia maji. Alivuta petroli kwa mpira, akaitema, akasema ina kutu, akachukua andazi kwa mkono uleule akauma. Kutu ilikuwapo. Maji ya betri aliyanusa kwa karibu hata nywele za pua zikasinyaa.

"Utaugua," Kornel alisema, akiwa amesimama penye upepo.

"Nyie hospitalini mnauweka mkojo wa watu kwenye chupa, mnauinua juani kama pombe ya harusi. Mimi naonja oili tu. Haya, nani mchafu?"

Ekseli aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyokaa sana. Chakula cha mchana cha Kornel alikila kilipokuwa bado kimefunikwa, yaani alikifunua, akakila, akakifunika tena. Siku moja kitambaa cheupe kilitoweka. Kornel alikikuta kimeziba bomba la rejeta, na Mabruki akamwambia kwamba tangu kifumwe hakijawahi kufanya kazi ya maana kama ile. Wafanyakazi wa reli walianza kuja kula chakula chao pale, ili kusikiliza.

Wiki ya kwanza ilipokuwa inaisha, Mabruki aling'oa kiti cha dereva. Kornel alikuwa ameitundika kofia yake nyeupe ya jua kwenye msumari. Saa ya kuondoka ilipofika aliivaa, akaaga kwa heshima, akapiga hatua mbili. Kitu cha uvuguvugu kikamtambaa utosini.

Vilikuwa vitoto sita vya panya, vyekundu, bila nywele, na kitanda chao cha manyoya yaliyoloa. Kimoja kilishuka kwenye sikio. Kingine kiliingia kwenye kola na kuendelea na safari.

Wafanyakazi wa reli walianguka chini. Mmoja alipiga ukuta kwa ngumi akiomba msaada. Mabruki alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cheupe. Wote walingoja jibu, kwa sababu jibu ndiyo utamu wa utani, na Mnyamwezi yeyote mwenye damu angekwisha kuitia ndoo ya oili kwenye kanzu ya Mabruki.

Kornel alivua shati lake, akalitupa chini. 

"Koma!" alisema. "Mimi na wewe hatuna utani. Utani ni mambo ya wapagazi. Mimi ni mteja na wewe ni fundi. Kuanzia leo usiguse kitu changu hata kimoja ambacho si gari. Umesikia?"

Mfanyakazi mmoja wa reli akaokota bakuli lake akaondoka. Mabruki alikunja kile kitambaa mara nne, polepole, akakiweka juu ya boneti.

"Nimesikia, Bwana," alisema.

Na kuanzia siku hiyo pale Isevya paliingia utakatifu. Mabruki alinawa. Alinunua grisi ya kopo, mafuta ya kondoo akayatupa. Kornel akija aliletewa kiti kilichopanguswa, na akiuliza alijibiwa. "Ndiyo, Bwana. Kesho, Bwana." Hakuna mtu tena aliyekuja kula chakula pale.

Kazi ilikuwa ya kupendeza. Springi Mabruki alizitoa kwenye lori lililokufa, gari likainuka kutoka chini kama mtu aliyeitwa jina lake. Magurudumu membamba yaliondolewa, yakaja manene yanayoweza kukanyaga mchanga. Rejeta ilitoka kwenye trekta lililoachwa Urambo, kubwa mara mbili ya ile ya kwanza. Taa zilizokuwa zinang'aa kama tumbaku ya kiko zilipata dinamo na betri ya lori. Breki zilifungwa kebo mpya. Viti vikajazwa sufi safi, juu pakawekwa turubai la kufunika na kufunua. Bomba la moshi, ambalo visiki vya barabara ya Isongwa vingelikata siku ya kwanza, Mabruki alilipandisha juu, likapita ubavuni, nyuma ya viti, na kutokea kwa nyuma.

"Bwana," alisema siku aliyokuwa anafunga bomba hilo, "hapa nyuma ya viti kuna sanduku la bati, la spana za mwenyewe wa kwanza. Limeoza chini, lina tundu. Na ndani mna vitu."

"Vitu vya gari?"

"Hapana, Bwana. Si vya gari."

"Nilikwambiaje kuhusu vitu visivyo vya gari?"

"Nisiguse, Bwana."

"Basi."

"Basi," alisema Mabruki. Akaliziba tundu kwa bati jipya, riveti kumi na mbili, kazi safi kabisa, akakaza mfuniko kwa skrubu nne.

Jumamosi tarehe thelathini na moja gari lilitoka, limepakwa rangi ya kijani upya, linang'aa. Mji mzima ulilitazama likipita limeinua magoti, ukaliita Panzi kabla halijafika sokoni. Kornel alishika usukani kwa glavu nyeupe. Alinusa. Rangi, turubai, sufi. Moyo wake ulijaa sifa kwa Muumba.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Watakatifu Wote. Eustadia alivaa gauni la buluu na kofia, Veneranda akaachwa kwa jirani, na Baba na Mama Veneranda wakapanda Panzi kwenda misa. Walizunguka njia ndefu kupitia Ipuli ili watu waone. Injini iliimba. Bomba likapata moto.

Walifika mbele ya kanisa maandamano yakiwa yanajipanga: watoto wa komunyo wenye maua, masista, wazee wa parokia na bendera. Kornel alisimamisha gari kwa ulaini. Pakawa na ile sekunde ya kimya inayokuja watu wakistaajabia kitu.

Puu!

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya chini, yenye unyevu, na ilitoka mahali walipokaa. Kisha harufu ikapanda. Sitaielezea harufu hiyo, kwa maana kuna watu wanaosoma wakiwa wanakula. Nitasema tu kwamba bendera ya Mtakatifu Yosefu iliinama, na mtoto wa komunyo wa mstari wa mbele alitumia maua yake kuziba pua.

Eustadia aligeuza shingo polepole, akamtazama mumewe.

"Baba Veneranda," alisema kwa sauti ya darasa la pili. "Mbele ya kanisa?"

"Si mimi!"

Puu, lilisema gari.

"Ni tairi! Mama Veneranda, ni tairi!"

Alishuka akazunguka magurudumu yote manne, akiyapiga teke mbele ya umati, na yote manne yalikuwa mazima na magumu kama mawe. Mzee mmoja wa parokia alimwambia kwa huruma kwamba maharage ya mwaka huu yamewashinda wengi. Eustadia alishuka, akakunjua gauni lake, akaenda kukaa na masista. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Mchana huo Kornel alijifunga shuka puani akalipekua gari. Harufu ilimwongoza bila shida. Ilikuwa inatoka kwenye viungo vya sanduku la bati, nyuma ya viti, pale bomba lilipopita kwa karibu, na kila kiungo kilikuwa kinalia machozi ya rangi ya kijani. Alichukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ilizunguka mara moja, hewa ikatoka, *fyuu*, ya moto, nene, ikamwingia mdomoni kupitia shuka, na akaipata ladha yake. Eustadia alimkuta amelala ubavu chini ya mpapai, anamwomba Mungu amchukue.

"Kitu gani kimo humo?" aliuliza, akiwa amesimama mbali.

"Mauti," alisema Kornel.

"Basi sikiliza. Mauti hayalali uani kwangu. Kesho gari hilo likirudi linanuka hivyo, litarudi kulala Isongwa, na wewe ndani yake."

Jumatatu, Siku ya Marehemu Wote, saa kumi na moja na nusu asubuhi, Panzi alifika Isevya akiyumba, kwa sababu dereva alikuwa ametoa kichwa nje njia nzima. Mabruki alikuwa ameketi kwenye kreti, anakula kifungua kinywa chake.

"Habari za asubuhi, Bwana."

"Mabruki, fungua sanduku. Tafadhali. Saa mbili niwe Isongwa."

"Injini ina tatizo, Bwana?"

"Haina."

"Breki? Springi?"

"Mabruki, kitu kimekufa mle ndani!"

"Hakijafa, Bwana, hakikuzaliwa." Mabruki alitafuna, akameza. "Ni mayai. Kuku alikuwa anaingia kwa lile tundu. Niliyaona, yapata thelathini. Nikakuuliza. Ukasema nisiguse."

Kornel alimwona yule kuku mweupe, wazi kama picha. "Ungeyatupa tu!"

"Mimi? Mayai ya mteja?" Mabruki alishika kifua. "Fundi akichukua mayai ya mteja bila ruhusa ni mwizi, Bwana, atafungwa. Mtani angeyachukua. Mtani angekupiga nayo siku ileile, yakaisha. Lakini pale hapakuwa na mtani."

"Sasa nakupa ruhusa."

"Nashukuru. Lakini mimi ni fundi, na ule ni mzoga wa Mnyamwezi. Tangu lini mgeni akagusa mzoga wa Mnyamwezi? Hayo ni mambo ya wapagazi." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefungiwa mlango na rafiki.

Saa ya reli ikagonga saa kumi na mbili kasorobo. Nyuma yao, ingawa injini ilikuwa imezimwa, yai moja lililochelewa likasema puu.

Kornel alitazama gari. Alitazama barabara ya Isongwa. Akaiona nyumba ya udongo, na Veneranda akijifunza kumwita mjomba. Kisha akatazama sufuria ya Mabruki.

Ndani mlikuwa na mihogo ya jana iliyopashwa moto, na papa mkavu kutoka pwani ambaye hata nzi walimkaribia kwa kushauriana. Juu palielea mafuta. Kwenye mafuta palielea alama za vidole vya Mabruki, vyote vitano, vyeusi. Kijiko hakikuwapo.

Kornel alivua glavu. Hakunawa. Alipiga magoti kwenye mchanga wenye oili, akauingiza mkono mzima kwenye sufuria, akatoa kipande kikubwa kuliko vyote, akakitia mdomoni. Koo lilikataa. Alilisukuma. Papa alipanda, papa akashuka, jasho likamtoka kipajini, na machozi yakachuruzika juu ya mashavu yaliyojaa. Akachukua cha pili. Alipoweza kusema alisema kwa sauti iliyosikika mpaka stesheni.

"Mzaramo wewe! Chakula hiki mlikipika mwaka gani? Ndiyo maana mababu zangu walikufa kwenu! Si homa, si mizigo! Mliwakaribisha chakula!"

Tumbo la Mabruki likaanza kutikisika. Likatikisa kreti. Kreti likavunjika, na fundi mkuu wa kutoka Dodoma mpaka Kigoma alikuwa chali juani, miguu juu, akipiga mayowe.

"Mtani! Mtani, umechelewa wiki mbili!"

Aliinuka akachukua bisibisi. Skrubu nne zilitoka kwa pumzi nne. Alifunua, akaingiza mikono mitupu mpaka kwenye viwiko ndani ya ule uji wa kijani, maganda na utando, akaanza kuuchota na kuumwaga shimoni, akiimba. Alisuuza sanduku kwa petroli, akalisugua kwa mchanga, akalisuuza tena. Na Kornel, aliyekuwa ameegemea mlango akihesabu dakika ndani ya suruali yake nyeupe, kanzu yake nyeupe ya kazi na kofia yake nyeupe, hakuona kwamba Mabruki ameweka kando mayai matatu mazima.

La kwanza lilimpata kifuani. La pili lilimpata kwenye kofia. La tatu lilimkosa, likaingia ndani ya gari.

"Nenda sasa!" alilia Mabruki. "Saa kumi na mbili na robo! Kimbia, mpagazi!"

Panzi alikimbia. Alipita mchanga wa njia ya misafara kama asiyegusa chini, springi za lori zikimeza mashimo, rejeta ya trekta ikipumua bila kuchoka. Mbung'o waliingia, wakanusa, wakatoka. Saa mbili kasoro dakika saba aliingia Isongwa. Mbele ya zahanati palikuwa na wagonjwa ishirini kwenye mstari, na mbele ya wagonjwa alikuwa Daktari, saa mkononi.

Kornel alishuka, akafungua mlango wa zahanati, akageuka, akasimama wima.

Mstari wa wagonjwa ulirudi nyuma hatua tano. Mwanamke aliyekuwa anaumwa tumbo alisema sasa ni nafuu, aende zake. Daktari alikuwa amefungua mdomo apongeze; akaufunga, akatoa kitambaa, akakiweka puani. Alimtazama dresa wake safi kuliko wote wa Jimbo la Magharibi, ambaye kwenye ukosi wake ute wa kijani ulikuwa unatafuta njia ya kushuka.

"Umewahi," alisema ndani ya kitambaa.

"Ndiyo, Bwana Daktari."

"Nami nilikuwa nikifikiri upya habari ya wewe kuhamia hapa. Jirani na wagonjwa." Alirudi hatua moja. "Hapana. Nenda nyumbani. Kila siku, nenda nyumbani. Hiyo ni amri."

Kornel alioga kwa maji ya kisima mara nne, sabuni ya karboliki ikaisha, akafanya kazi akiwa amevaa shuka ya hospitali. Jioni, alipokuwa anafunua turubai apate hewa ya kurudia, kitu kikabingirika chini ya kiti cha abiria. Lilikuwa lile yai la tatu. Lilikuwa limepasuka ufa mdogo tu, na ndani yake, ukilitikisa, kulikuwa na wimbi.

Alilitazama kwa muda. Lilikuwa kitu cha kuchukiza kuliko vyote alivyopata kuviona karibu. Kisha akaliokota, kwa mkono mtupu, akaliviringisha kwenye kitambaa chake cheupe, akaliweka mapajani, akaendesha taratibu maili ishirini na mbili.

Mke na mtoto walikuwa wanangoja, lakini Isevya ilikuwa njiani. Kwa mbali alimwona Mabruki, ametoka kuoga, amevaa kanzu mpya ya kwenda msikitini, ameipa barabara mgongo. Kornel alizima injini mapema, kwenye mteremko, ili Panzi ashuke kimya.